Kuandika kwa Malipo: Uliza Bei Kabla ya Kutuma



Tangu simu za kisasa zilipoingia kambini, ofisi ya tawi letu imekuwa ikipokea swali ambalo zamani halikuwapo. Vijana wa kiwandani, na mama mmoja wa shamba la chai, wamekuja kutuuliza: ni kweli kwamba yako magazeti na tovuti zinazomlipa mtu asiye mwajiriwa wao, akiandika makala nyumbani kwake na kuituma? Jibu letu ni kwamba ni kweli. Lakini ni kweli kwa namna ile ile ambayo shamba hulipa ujira. Hulipwa yule ambaye kazi yake imeandikwa daftarini kwa bei iliyotajwa. Asiyetaja bei hupokea chochote atakachopewa, na mara nyingi hapewi kitu.

Sisi tunaoandika haya hatukupita darasa la saba. Kuandika tulijifunza kwa taarifa za mikutano na barua za malalamiko kwa mameneja, kazi ambayo haijawahi kutuletea hata senti moja. Kwa hiyo hatutawafundisha uandishi mzuri. Tutaeleza habari za ujira wa uandishi, maana mambo ya ujira ndiyo tunayoyajua.

Kilichotusukuma ni jambo la mwenzetu mmoja wa shamba la miwa, anayefanya kazi kwenye mizani zamu ya usiku. Aliona katika simu tangazo la tovuti inayotafuta "sauti mpya". Akaandika makala ndefu juu ya maisha ya wakata miwa: saa ya kuamka, vidole vilivyokatika, posho na maharage, na lori linalokawia kuja huku miwa inakauka na kupungua uzito. Alitumia majuma mawili, akanunua bando kwa pesa yake, na akalipa nauli ya pikipiki kwenda kupiga picha katika kambi nyingine. Tovuti ilimjibu katika siku mbili. Ilimsifu sana. Makala ikatokea, na jina lake likawekwa juu.

Alipouliza malipo aliambiwa kwamba tovuti haina fungu la kuwalipa waandishi, ila jina lake sasa litajulikana. Alikuja kwetu na hasira nyingi. Tukamwomba atuonyeshe barua zote walizoandikiana. Tulizisoma mara mbili. Hakuna mahali ambapo wao walitaja bei, na hakuna mahali ambapo yeye aliuliza. Basi tungewadai nini? Mtu huyu kila usiku huandika kilo za wenzake katika kitabu, wala hamruhusu dereva kuondoka kabla ya kutia sahihi. Lakini kazi yake mwenyewe aliipeleka bila mizani.

Mwingine alipatwa na jambo baya zaidi. Aliambiwa atoe shilingi 30,000 za "kujiandikisha" ndipo apewe kazi ya kuandika. Alizituma kwa simu, na namba ile haikupatikana tena. Hapa hakuna mjadala, ndugu. Anayenunua kazi yako ndiye anayetoa pesa. Mhariri wa kweli hatozi ada ya kujiandikisha, wala ya mafunzo, wala ya kitambulisho. Ukiombwa pesa ili upewe kazi ya kuandika, funga mazungumzo hapo hapo.

Sasa tueleze kazi yenyewe ilivyo. Gazeti lina waajiriwa wake wenye mshahara wa mwezi. Lakini waajiriwa hao hawafiki kila mahali, kwa hiyo magazeti na majarida mengi hununua makala moja moja kutoka kwa watu wa nje. Mtu huyo wa nje huitwa mwandishi wa kujitegemea. Kwa lugha yetu ya shamba, yeye ni kibarua wa kipande: halipwi kwa siku, hana likizo, hana bima, na akiugua hakuna anayeuliza habari zake. Anachouza ni kile ambacho mhariri aliyeketi mjini hana. Na hapo, ndugu, sisi si maskini. Nani anajua jinsi kilo zinavyopotea kati ya shamba na kiwanda? Nani anajua dawa ya magugu inavyomfanya mtu anayeipuliza bila glavu? Mambo haya kwetu ni ya kila siku, lakini kwa msomaji wa mjini ni habari mpya.

Wala si ajabu kwa mfanyakazi kuandika. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha Tanganyika kabla ya watu kumjua kwa vitabu. Adam Shafi wa Zanzibar alitoa riwaya yake ya Kuli mwaka 1979, nayo ni habari ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wao.

Unapotafuta gazeti la kuliandikia, anza kwa kulisoma. Soma matoleo matatu au manne, usitosheke na moja. Tazama majina ya walioandika, kisha tazama orodha ya wafanyakazi wa gazeti, ambayo mara nyingi huchapwa ukurasa wa mwanzo au chini ya tovuti. Kama majina yote ni ya waajiriwa, pengine hawanunui kwa watu wa nje. Kama yako majina yasiyo katika orodha, hiyo ni dalili njema. Tovuti nyingi na majarida mengine huwa na ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, unaosema wanataka nini, maneno mangapi, na wanalipa kiasi gani. Ukurasa usiotaja malipo ni wa kuutilia shaka. Na tafadhali tusichanganye mambo: ukurasa wa barua za wasomaji haulipi, wala haukuahidi kulipa. Mashairi ya wasomaji katika magazeti ya Kiswahili nayo, usidhani yanalipwa mpaka umeuliza.

Kisha usitume makala nzima. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa tunadhani heshima ni kupeleka kazi iliyokamilika. Peleka barua fupi ya kupendekeza. Sisi tulikaa na yule mwenzetu wa mizani tukaandika hii:

"Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa mizani katika shamba la miwa, mwaka wa tisa sasa. Napenda kuwaandikia makala ya maneno 1,000 juu ya jinsi miwa inavyopungua uzito ikisubiri lori, na ni nani anayebeba hasara hiyo. Nimezungumza na wakata miwa sita. Naweza kuituma baada ya majuma mawili. Naomba nijue kama mnanunua makala za watu wa nje, bei yenu ni kiasi gani, na malipo hutolewa lini."

Barua hiyo haina maringo wala kujidhalilisha. Inasema wewe ni nani, una nini, na unataka nini. Mhariri asipojibu baada ya majuma mawili, mkumbushe mara moja. Akinyamaza tena, peleka kwa mwingine. Kunyamaza kwa wahariri si tusi, kwani wanapokea barua nyingi kuliko wanavyoweza kuzisoma.

Akikubali, ndipo mazungumzo ya kweli yaanze. Bei yaweza kuwa ya makala nzima au ya kila neno. Tuseme ni shilingi 100 kwa neno na makala ni ya maneno 1,000, hiyo ni shilingi 100,000. Usifurahi bado. Toa bando, toa nauli, kisha gawanya kilichobaki kwa siku ulizofanya kazi, ukilinganishe na ujira wako wa siku. Huenda ukaona kwamba umepata, huenda ukaona umejinyonya mwenyewe. Vilevile uliza kama wanahesabu maneno uliyotuma au yale yatakayochapwa, maana mhariri ana mkasi.

Neno "lini" lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Magazeti mengine hulipa makala inapokubaliwa, mengine hulipa baada ya kuchapwa. Maneno haya mawili yanafanana masikioni tu. Ukikubali kulipwa baada ya kuchapwa, mhariri anaweza kuiweka makala yako kabatini miezi minane na wewe huna la kudai. Ni kama mchuma chai aambiwe kwamba atapata ujira wake siku chai ile itakapouzwa mnadani Mombasa. Kwa hiyo omba tarehe. Na uliza: kama mmeniagiza, nikaandika, kisha mkaamua kutoichapa, nitapata nini? Magazeti mengine yana utaratibu wa kulipa sehemu ya bei katika hali hiyo, lakini usipouliza huenda wasikuambie.

Uliza pia pesa itapitia njia gani. Wa nchi yako anaweza kutuma kwa simu. Wa ng'ambo atataka benki au huduma za mtandaoni, na huduma nyingine zinaruhusu mtu wa nchi yetu kutuma lakini si kupokea. Ni uchungu kulipwa pesa usiyoweza kuishika.

Majibu yote haya yawe katika maandishi. Si lazima uwe mkataba wenye mhuri. Barua pepe inayosema "tumekubali maneno 1,000 kwa bei hii, tutalipa siku hii" inatosha kuanzia, hata ujumbe wa simu ni bora kuliko maneno ya mdomo. Uhifadhi, usiufute.

Tukifika kwenye hakimiliki tunawaomba msome polepole, kwa sababu hapa mtu anaweza kulipwa leo na kuibiwa kesho. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 ilimpa mwandishi haki juu ya kazi yake bila hata kuisajili. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, haki yake inakwenda kwa mwajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa kama kuna mkataba unaosema vingine. Maana yake ni nini? Wewe uliyepewa kazi ya kuandika na ukakaa kimya juu ya haki, huenda umeuza shamba zima ulipodhani umeuza gunia moja. Wakiichapa tena, wakiitafsiri, wakiiuza kwa kitabu, hutaona kitu. Kwa hiyo andika sentensi moja tu katika barua yako ya kukubali: "Nawapa ruhusa ya kuichapa makala hii mara moja, haki nyingine zinabaki kwangu." Mhariri akikataa, angalau mtazungumza bei ya zile haki nyingine.

Jambo hili liliwahi kufika katika Mahakama Kuu ya Marekani. Magazeti makubwa, likiwamo New York Times, yalikuwa yamenunua makala za waandishi wa kujitegemea ili yazichape karatasini, kisha yakaziingiza katika hifadhi za kompyuta bila kuwalipa tena. Waandishi wakashitaki, wakiongozwa na Jonathan Tasini, rais wa chama chao, National Writers Union. Tarehe 25 Juni 2001 mahakama iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba waandishi wana haki. Chama hicho kwa miaka mingi, mpaka 2020, kilikuwa tawi la chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW. Watu wa kalamu na watu wa spana walikuwa katika chama kimoja. Tulipolisoma hilo tulifurahi sana, kwa sababu hapa kwetu bado wapo wanaodhani mwandishi ni bwana mkubwa asiyehitaji chama.

Chama hicho hicho kilisimama tena 2017, wakati waandishi wa jarida la Ebony la Wamarekani weusi walipolalamika hadharani kwamba makala zao zimechapwa nao hawajalipwa. Mmoja mmoja walikuwa wameandika barua za kudai, na hakuna kilichotokea. Walipojikusanya zaidi ya 40 na kwenda mahakamani pamoja, mwaka 2018 jarida lilikubali kulipa dola zipatazo 80,000. Katika jiji la New York ilianza kutumika mwezi Mei 2017 sheria inayodai mkataba wa maandishi kwa kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, alipwe katika siku 30 baada ya kumaliza. Sheria hiyo haitulindi sisi huku. Lakini inaonyesha tunachoweza kudai hata kama hakijaandikwa katika vitabu vyetu.

Mtauliza: basi tuandikie wapi? Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika mabadiliko ya Katiba ya 2005, lakini magazeti ya Kiswahili hapa bado ni haba. Anayeandika Kiswahili itampasa kutazama ng'ambo ya mpaka, kwa mfano Taifa Leo la Nairobi na Mwananchi la Dar es Salaam, na kuwauliza wahariri maswali yale yale. Anayeweza Kiingereza au Luganda ana magazeti ya Kampala.

Kwa wanaotunga hadithi yapo mashindano. Shindano la Hadithi Fupi la Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, kutoka kwa raia wa nchi za Jumuiya wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kuingia ni bure. Mshindi wa kila kanda amekuwa akipata pauni 2,500 na mshindi wa wote pauni 5,000. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ya miswada ya riwaya na mashairi, ambayo ilipoanza ilitangaza zawadi za jumla ya dola 15,000. Mabati hayo ndiyo haya haya ya kuezekea nyumba, kwa maana pesa ilitoka kwa kiwanda cha Kenya. Lakini mashindano si ujira. Wanaingia maelfu, anashinda mmoja. Mtu asiache zamu yake kwa kungoja tuzo.

Ziko kazi za kujitolea ambazo hatuzilaumu. Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa na watu wasiolipwa, na wafasiri wa Global Voices vilevile hujitolea, na hao wote husema hivyo wazi tangu mwanzo. Anayetaka mazoezi aende huko kwa moyo mweupe. Tunayemlaumu ni yule anayekufanya uamini kwamba kuna malipo.

Na ipo kazi inayolipa ambayo tunawaomba mjihadhari nayo: kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha zao za chuo. Vijana wengi wa Kenya wameifanya, na baadhi ya wetu wamealikwa. Jina lako halionekani, haki huna, na akikataa kukulipa huwezi kumshitaki mtu kwa wizi mliokuwa mnashirikiana. England ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022.

Kazi ndogo ndogo za kueleza bidhaa katika tovuti nazo tunaona zimeanza kwenda kwa mashine, tangu programu za kuandika zilipotolewa kwa watu wote mwishoni mwa 2022. Mashine hiyo isikudanganye nawe uitumie kuandika makala ya kuuza. Mwezi Februari 2023 jarida moja la hadithi la Marekani, Clarkesworld, ambalo hutangaza wazi bei yake kwa neno, lilifunga mlango kwa muda kwa sababu lilifurika hadithi zilizoandikwa na mashine. Wahariri wamekuwa wakali. Wanachotaka kwako ni macho yako.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotupa wasiwasi kama viongozi. Mfanyakazi akiandika habari za shamba lake mwenyewe, meneja naye anasoma gazeti. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema kujiunga na chama au kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Lakini makala ya gazetini ni jambo jingine, na huenda ukajikuta huna ulinzi ule. Kabla ya kutuma, njoo tawini tuisome pamoja. Usichukue karatasi ya ofisi wala kupiga picha mahali palipokatazwa. Usitaje majina ya wenzako bila ruhusa yao. Kidole kilichokatika ni chake, si chako. Unaweza kumwomba mhariri afiche jina lako, na umwombe kabla, kwa maandishi. Ni kweli kwamba jina likifichwa, sifa inapotea. Lakini ujira unafika vilevile, na kazi yako ya mchana inabaki.

Yule mwenzetu wa mizani hatukumwacha. Kwa kuwa tovuti ile haikumwagiza kazi wala hawakuandikiana mkataba, tulimwambia kwamba makala bado ni yake. Akachukua ile sehemu ya miwa inayokauka, akaongeza mambo mapya, akapeleka ile barua fupi kwa magazeti matatu. Mawili hayakujibu. La tatu lilitaja bei, nalo lilimtumia kwa simu shilingi 80,000 baada ya majuma sita, jina lake likiwa limefichwa. Ni kidogo kwa kazi aliyoifanya, na tulimwambia hivyo. Safari ijayo aombe zaidi.

Wenzetu wa chama cha waandishi wa habari cha Uingereza, NUJ, tawi la London la watu wa kujitegemea, huweka orodha ambamo waandishi hueleza gazeti gani limelipa kiasi gani, ili anayefuata asiingie gizani. Sisi tumenunua daftari la kurasa 96 kwa kazi hiyo hiyo. Limeandikwa mstari mmoja: jina la gazeti, maneno 900, shilingi 80,000, majuma sita. Liko kwa katibu wa tawi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Aliyelipwa aje aandikishe, na asiyelipwa aje vilevile, alete na barua zake zote.